Ampea Tatu na Nusu

Redio koli inaposikiliza tu haili umeme mwingi. Ile niliyokuwa nayo Bariadi ilivuta nusu ampea kutoka kwenye betri ya gari ya volti kumi na mbili. Kumi na mbili mara nusu ni wati sita, sawa na kile kitaa cha ndani ya gari kinachowaka mlango ukifunguliwa. Lakini ukishika kipaza sauti, ukabonyeza kitufe na kuanza kusema, redio hiyohiyo ilivuta hadi ampea kumi na mbili, na kumi na mbili mara kumi na mbili ni wati mia moja arobaini na nne. Yaani betri iliweza kunisikilizisha sauti za watu kutwa nzima bila kulalamika, ila mimi kusikika na watu ilikuwa kazi nyingine kabisa. Msimu mzima wa mvua niliishi kwa hesabu hiyo.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha nguo huko Mwanza. Ulipokuja wakati wa ruksa, mitumba ikajaa sokoni, mashine zetu zikaanza kusimama mojamoja, nasi tukapunguzwa kazi. Nilitoka na mita mbili, moja ya kupimia volti na moja ya ampea, nilizopewa na msimamizi wangu kwa kuwa hakuna mwingine aliyezitaka. Wakati huohuo biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Watu binafsi waliruhusiwa kununua, na kila mwenye lori akajiita kampuni. Mmoja wao aliniajiri nikae Bariadi, nitunze ghala na kuendesha redio, maana bila redio lori lingekwenda Sola kumbe pamba inasubiri Nyashimo.

Wakati wa ununuzi sikuwa na muda hata wa kukohoa. Wakulima walipanga foleni na marobota yao tangu alfajiri, makarani wakigombana na mizani, vumbi na nyuzi za pamba zikituingia puani. Kisha pamba ikaisha. Makarani wakarudi kwao, lori likaenda Mwanza, nikabaki mimi, ghala tupu lenye harufu ya mbegu, na mlinzi. Aliyeniajiri hakuniambia kwamba kazi ya pamba ni ya miezi michache, na kwamba miezi inayobaki ni ya kukaa tu.

Mimi si Msukuma, kwetu ni milimani, Morogoro. Watu wa Bariadi hawakunitenga hata kidogo. Walinisalimia kwa kirefu, mwangaluka asubuhi, mwadila jioni, wakisimama barabarani kwenye matope kuniuliza habari za nyumbani, na kujibu nilijua. Baada ya salamu Kisukuma changu kilikuwa kimekwisha. Wao waliendelea wenyewe, wakacheka, nami nikatabasamu kwa adabu bila kujua kinachochekwa. Hasira zinanipanda mpaka leo nikisikia msomi wa mjini akisema kwamba kijijini hakuna upweke. Aende akakae katikati ya watu wema asio na la kuwaambia, halafu aje tuzungumze.

Basi nikawa nasikiliza redio. Kampuni ilikuwa na vituo kadhaa, na asubuhi na jioni Mwanza iliita kimoja baada ya kingine. Nyashimo alikuwa mtu wa kikohozi, kila siku akiomba dawa. Yule wa Binza, pale Maswa, alipenda kucheka mwenyewe kabla hajamaliza kusema. Sola alilalamikia mchwa. Sikuwahi kuonana na hata mmoja wao, lakini nilijua nani kaamka vibaya kwa namna alivyotamka jina la kituo chake. Wakishafunga mazungumzo niliiacha redio ikiwa imewashwa, ikitoa ule mvumo wake, kwa sababu ghala lisilo na sauti yoyote lilinitia huzuni. Wati sita tu, nilijiambia.

Mke wangu alikuwa Mwanza kwa shangazi yake. Tulioana mwaka uleule kiwanda kilipoanza kuyumba. Wazee wa pande zote mbili walielewana, sisi wenyewe tukaonana mara chache tukakubali, na hatujakaa sawasawa nikapunguzwa kazi. Tuliishi pamoja muda mfupi mno, nikaondoka kabla sijajua kama anapenda chai ya sukari nyingi au kidogo. Kila Jumamosi saa sita mchana alikuja ofisini kwa kampuni, akasimama kando ya dada wa redio, tukaongea.

Lakini utaongea nini na mkeo huku Nyashimo, Binza na Sola wametega masikio?

"Hujambo? Ova!"

"Sijambo! Shangazi anakusalimu! Ova!"

Tena yote hayo kwa kupiga kelele. Kwenye redio koli kila mtu alipiga kelele, kana kwamba sauti inatembea kwa miguu mpaka Mwanza na usipoisukuma itaishia njiani Magu. Mimi fundi niliyejua kwamba sauti inabebwa na umeme nilipiga kelele kuliko wote. Hata hivyo wiki yangu yote ilielekea saa hiyo moja. Jumapili nilikuwa tayari naanza kupanga nitakachomwambia Jumamosi inayofuata, na ikifika nasahau, namuuliza hali ya hewa.

Jumamosi moja sauti yake ilikuja tofauti. Hakusubiri salamu ziishe.

"Kaka yangu wa Dar es Salaam amefungua duka, ananitaka nikamsaidie," alisema. "Amenikatia tiketi ya treni ya Jumapili ya wiki ijayo. Shangazi anasema mke amfuate mumewe. Mimi sijasema kitu. Jumamosi ijayo nitakuja hapa hapa, uniambie. Ukisema nije Bariadi, nakuja barabara ikifunguka. Ukinyamaza, nitapanda treni. Ova."

Niliropoka kwamba nimesikia, kwamba nitafikiri, kwamba amsalimie shangazi. Nikatundika kipaza sauti. Nilitamani aje. Niliiona tayari kanga yake kwenye kamba nyuma ya ghala, na sufuria ya pili jikoni. Nikaenda kumtafuta mlinzi nimwambie, maana hakukuwa na mwingine wa kumwambia.

Mlinzi wetu alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili na ng'ombe wa kutosha, boma lake likionekana kutoka mlangoni pa ghala. Alikuja kazini na upinde na podo la mishale, akakaa kwenye gunia lake, akanitazama nikipika ugali wangu kwa masikitiko ya wazi. Mtu wa umri wangu kujipikia lilikuwa jambo lililomkera kabisa.

"Aje, bhabha," alisema nilipomweleza. "Nyumba isiyo na mayu, mama wa nyumbani, si nyumba, ni kambi."

Jumatatu Mwanza walianza kulalamika kwamba nasikika kwa mbali. Nikaikagua betri, nikakuta maji yamepungua. Kule maji ya betri ya dukani yalikuwa adimu, tulitumia maji safi ya mvua. Nikamwonyesha mlinzi vifuniko sita, jinsi ya kuvifungua na kumimina taratibu, kwa sababu siku iliyofuata nilikusudia kwenda mjini kutafuta sabuni na mafuta ya taa, na sikutaka kazi hiyo ilale. Ili anielewe upesi nikamwambia betri ni kama ng'ombe wake, isipokunywa haiwi na nguvu. Aliipenda sana hiyo. Alitikisa kichwa, akaitazama betri kwa heshima mpya.

Jumatano asubuhi Mwanza waliita kama kawaida. Nikamsikia dada wa redio vizuri kabisa, hata kijiko kikigonga kikombe chake cha chai. Zamu yangu ilipofika nikabonyeza kitufe, nikapaza sauti: "Mwanza, Mwanza, hapa Bariadi!" Taa ya redio ikazimika. Nikaachia kitufe, ikawaka. Nikabonyeza tena, nikapiga kelele zaidi, ikazimika tena.

"Bariadi kimya," alisema yule dada. "Nyashimo, endelea. Ova."

Hapo ndipo nilipopatwa na hofu. Simu ya posta ilikuwa imekatika tangu mvua zianze. Mto Simiyu ulikuwa umejaa, malori yamelala ng'ambo. Barua ingefika mke wangu akiwa ameshazoea Dar es Salaam. Njia ya pekee ya kusema ndiyo ilikuwa kitufe kile, nacho kila nikikibonyeza redio inazimika.

Nilikwenda mjini kuazima betri. Bariadi ilikuwa na betri si haba, maana wafanyabiashara walikuwa wameanza kuleta televisheni na redio za kaseti kutoka Mwanza. Mwenye duka mmoja, Mwislamu mkarimu wa asili ya Tabora, alinipeleka mwenyewe kwenye mashine ya kusaga, ambako betri za mji mzima zilipelekwa kuchajiwa. Nikazikuta zimepangwa ukutani, zote tupu. Mashine haikuwa na dizeli, na dizeli ilikuwa kwenye lori lililokwama mtoni. Yule mwenye duka alinipa pole na soda, nikarudi kwa miguu kwenye tope nikiwa nimenuna.

Nilipofika nikatoa mita zangu. Nikiwa na mita mkononi huwa natulia, ndivyo nilivyoumbwa. Umeme ukipotea haupotei hewani, lazima uwe umeliwa mahali, na mahali hapo panaweza kupimwa. Wa kwanza niliyemshuku alikuwa waya. Betri ilikaa ndani ya ghala, nyuma ya mlango wa chuma, kwa kuogopa wezi, na waya ulipita juu ya ukuta mpaka chumba cha redio. Waya mrefu una ukinzani, na ukinzani hula volti. Nilikuwa nimeshauapia waya ule kuukata vipandevipande.

Nilichukua taa mbili za mbele za lori zilizokuwa stoo, nikaziunganisha kwenye betri ili zivute umeme bila kukatika, tofauti na redio inayozimika. Kabla sijaziwasha betri ilisoma volti kumi na mbili na pointi mbili. Nikaziwasha. Zilivuta ampea nane, na papo hapo volti kwenye vichwa vya betri zikaanguka mpaka nane na pointi nane. Volti tatu na pointi nne zilikuwa zimeliwa, na zililiwa kabla hata hazijaingia kwenye waya. Ukitaka kujua ukinzani, gawa volti zilizopotea kwa ampea zilizopita. Tatu na pointi nne kwa nane, nikapata karibu sehemu arobaini na mbili za mia za omu, ambayo ndiyo kipimo cha ukinzani. Kisha nikahamisha taa upande wa pili wa waya nipime waya wenyewe. Ulikula pointi mbili tu za volti. Pointi mbili kwa nane ni sehemu mbili na nusu za mia za omu.

Waya haukuwa na hatia. Betri ndiyo iliyokuwa ikijila yenyewe. Nikazidisha tena volti zilizopotea kwa ampea, tatu na pointi nne mara nane, nikapata wati ishirini na saba zikiungua ndani ya betri bila faida kwa mtu. Nilipoigusa ubavuni ilikuwa imepata joto upande mmoja.

Nikafungua vifuniko. Vitatu vya kwanza vilikuwa na maji safi. Vitatu vilivyofuata vilikuwa na utando mweupe mdomoni, na maji yamevurugika. Nikamwita mlinzi, nikamuuliza alitia maji gani. Akasema ya mvua, kama nilivyomwonyesha. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayengoja kupongezwa, kwamba alitia na magadi.

"Ng'ombe aliyekonda ukimpa maji matupu hapati nguvu," alinieleza. "Unamtilia magadi kwenye maji. Nilichukua kwa mke wangu mdogo, jikoni. Nilipotia, ikatoa povu kama maziwa ya kukama. Nikajua imekubali. Yangetosha ningeitilia midomo yote sita."

Mtu ambaye hakuwahi kushika betri atauliza kosa liko wapi. Nguvu ya betri iko kwenye tindikali yake, na magadi huiua tindikali, povu lile ndilo lilikuwa kufa kwenyewe. Nilimpigia mlinzi kelele ambazo bila shaka zilisikika bomani kwake. Nilisema mengi, juu ya ng'ombe na juu ya akili. Yeye alisimama amenyoosha mikono, akangoja niishiwe pumzi.

"Nilitaka mkeo aje," alisema.

Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Nilitamani kuendelea kukasirika lakini sikuweza, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia kwamba betri ni ng'ombe, naye alikuwa ameifanyia kile ambacho angemfanyia ng'ombe anayempenda. Mvua ikanianza, nikarudi ndani.

Alhamisi niliamka na hesabu kichwani. Betri isingepona, lakini nilikuwa nimeshajua ugonjwa wake una ukubwa gani. Redio ile ilizimika volti zikishuka chini ya kumi na nusu. Betri ikiwa imetulia nilikuwa na kumi na mbili na pointi mbili. Kwa hiyo niliruhusiwa kupoteza volti moja na pointi saba, si zaidi. Ukinzani wa betri na wa waya pamoja ulikuwa karibu sehemu arobaini na tano za mia za omu. Nikagawa. Nikapata ampea tatu na pointi saba. Nikisema, nikavuta ampea tatu na nusu tu, redio itabaki na volti kumi na pointi sita, nayo haitazimika. Kumi na pointi sita mara tatu na nusu ni wati thelathini na saba, robo tu ya nilichozoea kutumia.

Sasa utaiambiaje redio ivute kidogo? Jibu nilikuwa nalo siku zote bila kulitumia. Redio za namna ile huvuta kwa kadiri ya sauti yako. Ukibonyeza ukanyamaza, mshale wa ampea unanyanyuka kidogo tu. Ukisema, unaruka. Ukipiga kelele unakwenda mpaka mwisho. Zile kelele zetu zote ndizo zilizokuwa zikiinywa betri, na sasa ndizo zilizokuwa zikiizima redio. Nilichotakiwa kufanya ni kuongea polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyelala karibu na anayeambiwa.

Ijumaa tulifanya mazoezi. Niliifunga mita ya ampea kwenye waya, nikachora alama ya mkaa juu ya kioo chake pale penye tatu na nusu, nikamweka mlinzi mbele yake. Alikuwa hajasema nami sana tangu juzi. Nikamwambia kazi yake ni kuulinda mshale, ukivuka mkaa anyanyue mkono. Akaweka upinde chini, akainama, na kwa macho yale yanayomwona fisi kabla mbwa hawajamnusa akautazama ule mshale.

Nilisema "Mwanza, hapa Bariadi." Mkono juu, taa ikazimika. Nikapunguza. Mkono juu tena. Sikujua kwamba nina sauti kubwa kiasi hicho. Nilisogeza mdomo mpaka ukagusa kipaza sauti, nikanong'ona, mkono ukabaki chini, lakini maneno yalitoka kama ya mgonjwa. Tuliendelea hivyo mpaka nikaipata sauti ya katikati, isiyo ya kunong'ona na isiyo ya kuamrisha. Niliisikia mwenyewe nikaona haya. Sikuwahi kuongea hivyo na mtu yeyote tangu mama yangu afariki.

"Sauti hiyo," alisema mlinzi, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Mkeo ataipenda."

Kwa nini Mwanza hawakujibu majaribio yetu? Kwa sababu nje ya saa za kuitana walizima redio yao. Jioni ile na kesho yake asubuhi walipoita sikujibu, nikiitunza betri kwa ajili ya saa sita, kwa hiyo sikuwa na hakika kwamba wati thelathini na saba zingefika.

Jumamosi saa sita tulikuwa tumekaa, mimi kwenye kiti, mlinzi mbele ya mita. Niliwasikia wenzangu wa vituo wakimaliza mambo yao upesi kuliko kawaida. Wote walijua. Yule wa Binza hakucheka.

"Bariadi, Bariadi, hapa Mwanza," dada wa redio aliita. "Tangu Jumatano hatukusikii. Mkeo yuko hapa. Kama unatupata, sema. Ova."

Nikabonyeza. "Mwanza, hapa Bariadi. Nawapata. Ova."

Mvumo tu. Mshale ulikuwa nyuma ya mkaa, taa inawaka. Nikarudia, kwa sauti ileile.

"Ni nani huyo?" aliuliza dada wa redio.

"Ni mimi. Betri ni mbovu. Siwezi kupaza sauti. Ova."

Nikasikia kipaza sauti kikipokewa mkono kwa mkono, kisha pumzi za mke wangu. "Ni wewe kweli?" aliuliza, naye akiwa ameshusha sauti yake.

"Ni mimi."

"Nakusikia. Treni ni kesho. Nije?"

"Njoo," nilisema.

Mlinzi alinitazama akatabasamu, halafu akarudi haraka kwenye mshale wake. Nilingoja. Niliusikia mvumo wa redio, na ndani ya mvumo huo kikohozi cha Nyashimo, ambaye lazima alikuwa amebonyeza kitufe kwa bahati mbaya.

"Hujawahi kuniambia neno kwa sauti hiyo," alisema mke wangu mwishowe. "Nilikuwa nimekuja kupokea amri, nije au nisije. Sasa nataka kukuuliza kitu, unijibu hivyohivyo, taratibu. Unanitaka mimi, au unataka mtu tu wa kukaa naye huko? Ova."

Kama betri ingekuwa nzima ningemjibu kabla hajaachia kitufe. Ningepiga kelele, "Wewe! Ova!", na vituo vyote vingepumua. Neno hilo ni rahisi kulirusha. Nilibonyeza, nikafungua mdomo nilitamke kwa ampea tatu na nusu, likakataa kutoka. Nilijaribu kuuona uso wake. Niliona kanga kwenye kamba na sufuria ya pili, niliona ghala likiwa na sauti ya mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa amenipa mgongo. Mshale ulikuwa umetulia. Umeme ulikuwepo wa kutosha kusema lolote.

"Sijui," nilisema.

Nikaachia kitufe. Nilisahau kusema ova, na kwa muda hakuna aliyejua kama nimemaliza.

"Nimekusikia," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza kuliko kama angekuwa nayo. "Asante kwa kunijibu. Basi mimi kesho nasafiri. Ubaki salama. Ova."

Mlinzi alikuwa bado ameinama mbele ya mita, mkono wake tayari, akilinda alama ya mkaa. Nilisikia kiti kikisogezwa huko Mwanza, mlango ukifungwa, halafu dada wa redio akarudi hewani na ile sauti yake ya kazi.

"Bariadi, leo umesikika vizuri kuliko siku zote," alisema. "Mmepata betri mpya? Ova."

Nikabonyeza kitufe, nikamwambia taratibu kwamba hapana, ni ileile.